Utumbo mwembamba hubadilisha seli zake kila siku 3 hadi 5, mbona saratani inakimbilia utumbo mpana?

Supu ya Asubuhi (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Baba yangu mdogo alianza kutoa damu akienda haja kubwa, akapigwa kamera, wakakuta kinundu kwenye utumbo mpana. Kimekatwa, majibu ya maabara tunayasubiri. Tangu siku hiyo nasoma habari za utumbo usiku kucha na kuna kitu kimenikwama.

Nimesoma kwamba seli zinazofunika utumbo mwembamba kwa ndani huzaliwa, hupanda juu na kumwagika ndani ya siku 3 hadi 5. Utumbo wenyewe ni takriban robo tatu ya urefu wa njia yote ya chakula. Seli inapogawanyika ndipo makosa ya kunakili yanapoingia, na makosa yakikusanyika ndiyo saratani. Basi kwa hesabu hiyo utumbo mwembamba ungeongoza kwa saratani mwilini. Lakini saratani zake hazifiki 5 katika kila 100 za mfumo wa chakula, wakati utumbo mpana, mfupi kiasi kile, ndio unaomaliza watu. Kwa nini?

Mama yangu anauza supu, utumbo nimeuosha tangu nina miaka 8, najua ile sehemu tunayoiita taulo inavyokamata mchanga. Sasa nataka kujua kilichomo ndani ya hiyo taulo.

Mnyalukolo Halisi #2
Nimekaa siti ya mbele na chapati zangu mbili. Supu iletwe.

Dkt wa Ng'ombe #3
Pole kwa baba mdogo. Kabla hatujafika mbali, nirekebishe jambo moja. Ile taulo unayoosha siyo utumbo. Ni ukuta wa tumbo la kwanza la ng'ombe, pale majani yanapochachukia. Yale manyoya yake yamefunikwa na seli bapa zilizopangana tabaka juu ya tabaka na juu kabisa zimekuwa ngumu kama ngozi ya kisigino, ndiyo maana zinavumilia majani makavu.

Utumbo wenyewe ni ile mirija mnayoisokota. Ukipasua kipande cha mwembamba, ukikiosha taratibu na kukitumbukiza kwenye bakuli la maji safi, utaona uso wake laini kama mahameli. Hayo mahameli ndiyo vili: vidole vya nusu milimita hadi milimita moja hivi. Na tofauti kubwa na taulo ni kwamba juu ya kila kidole kuna safu MOJA tu ya seli. Kati ya chakula na mishipa ya damu kuna safu hiyo moja.

Kisu cha Vingunguti #4
Miaka 19 nachinja na kila siku tunasema "utumbo taulo". Leo naambiwa siyo utumbo. Sawa daktari, lakini bei haibadiliki.

Slaidi ya Ziwa #5
Mimi niko maabara ya patholojia huku kanda ya ziwa, kazi yangu kukata vinyama na kuvipaka rangi. Ngoja nikuchoree ninachokiona kila siku, mleta mada.

Kipande kikishakaa kwenye fomalini, dawa ya kuzuia kuoza, kikakaushwa maji na kuzamishwa kwenye nta, tunakikata unene wa mikroni 4 au 5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Utando wenyewe ukielea juu ya maji ya uvuguvugu unang'aa kama ganda la kitunguu. Tunaupaka rangi mbili, ya zambarau inashika viini vya seli, ya waridi inashika vingine.

Ukiweka utumbo mwembamba chini ya hadubini unaona vidole vimesimama, na katikati ya vidole kuna vishimo vinavyoingia chini. Juu ya vidole wengi ni seli za kufyonza: ndefu, nyembamba, kiini kiko chini, na upande wa juu zina ukingo kama brashi. Ukingo huo ni nywele maelfu za urefu wa mikroni 1 hivi kwa seli moja. Katikati yao unaona mapengo meupe yenye umbo la bilauri: hizo ni seli za kutoa ute, ute hauikubali ile rangi ya kawaida. Ndani kabisa ya kishimo kuna seli zenye chembechembe nyekundu zinazowaka kama makaa. Hizo ni seli za Paneth, zilichukua jina la Joseph Paneth aliyeziandika mwaka 1888, ingawa Schwalbe alishaziona kabla yake. Na katikati ya Paneth, zimebanwa kama kabari, ndizo seli shina zinazozaa wengine wote.

Utumbo mpana sasa: vidole HAKUNA. Uso umenyooka, vishimo tu vimeshuka sambamba, na bilauri zimejaa kila mahali.

Mwalimu wa Baiolojia #6
Safi sana #5. Na asante kwa kuandika hadubini. Wanafunzi wangu wananiandikia darubini, nawaambia darubini ni ya kutazama mwezi.

Mleta mada, jibu ni jepesi: muda. Chakula kinapita utumbo mwembamba kwa saa 3 hadi 5, tena kikiwa uji. Kwenye utumbo mpana kinalala siku nzima, wengine siku mbili, kinazidi kukauka na kugusana na ukuta. Sumu yoyote iliyomo ina muda wa kutosha kuumiza seli. Na ukubwa wa utumbo mwembamba usikutishe. Ukiutandaza ni uwanja wa tenisi, sumu inatawanyika.

Dkt wa Ng'ombe #7
Mwalimu, uwanja wa tenisi umeshafutwa. Helander na Fändriks wa Sweden walipima upya mwaka 2014, wakapata takriban mita za mraba 32 kwa njia nzima ya chakula, na utumbo mpana ndani yake ni kama 2 tu. Ni nusu ya uwanja wa badminton.

Mwalimu wa Baiolojia #8
Nakubali. Vitabu vya shule bado vina tenisi na mimi nimeufundisha miaka mingi. Kesho nasahihisha ubaoni.

Mnyalukolo Halisi #9
Form Three wangu wote waliofeli kwa kuandika badminton walikuwa sahihi.

Muuguzi wa Zamu #10
Mimi nadhani ni bakteria zaidi ya muda. Mwanzoni mwa utumbo mwembamba ni wachache sana, asidi ya tumboni imewamaliza. Kwenye utumbo mpana wanafika bilioni 100 kwa gramu moja ya kinyesi. Hawa wanachukua nyongo iliyoponyoka huko juu na kuigeuza kuwa aina nyingine inayochubua seli. Na seli za Paneth walizotaja #5 ziko utumbo mwembamba tu, zinatoa lisozaimu, kimeng'enya kilekile kilichomo kwenye machozi, kinapasua kuta za bakteria. Utumbo mpana hauna huyo askari.

Slaidi ya Ziwa #11
Dada #10, karibu kabisa. Paneth huwa tunawaona pia mwanzoni mwa utumbo mpana, upande wa kulia, wachache. Tukiwakuta upande wa kushoto tunashtuka, kwa sababu kwa kawaida ni dalili kwamba ukuta ule umekuwa na uvimbe wa muda mrefu.

Ila kazi ya Paneth siyo uaskari tu. Mwaka 2007 kundi la Hans Clevers kule Utrecht, Uholanzi, lilipata alama ya kuzitambua seli shina za utumbo wa panya, inaitwa Lgr5. Mwaka 2009 wakachukua seli shina moja, wakailisha vizuri, ikaota mfano mdogo wa utumbo ndani ya sahani ya maabara, wenye vishimo na aina zote za seli. Baadaye, mwaka 2011, wakaonyesha kwamba Paneth ndiye anayemlea seli shina pale chini, anampa ishara za kuendelea kuzaa. Tena mlezi mwenyewe anaishi wiki kadhaa wakati wanaopanda juu wanaishi siku chache. Kwa hiyo Paneth huyo huyo anayelinda ndiye anayechochea kugawanyika. Hapo ulinzi wake dhidi ya saratani siuoni moja kwa moja.

Bint Likoni #12
Hamjambo humu. Huku kwetu twasema matumbo, na matumbo ya nazi hayana mfano. Nauliza: mtoto wangu aliharisha wiki nzima, tangu hapo akinywa maziwa tumbo lajaa hewa. Ni seli hizohizo?

Muuguzi wa Zamu #13
Ndiyo mama, hizohizo. Kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa kinakaa kwenye ile brashi ya #5, kwenye seli zilizokomaa karibu na ncha ya kidole. Rotavirusi, kirusi cha kuharisha watoto, inashambulia seli hizohizo za juu. Zikikatika, zinazopanda kuziba nafasi bado changa, hazijapata kimeng'enya, basi maziwa yanapita mabichi na kuchachuka huko chini. Kwa wengi hurudi polepole, kwa mwingine huchukua wiki. Na ujue ndiyo sababu ORS, ile dawa ya kuharisha ya kuchanganya na maji, ina sukari pamoja na chumvi: mlango mmoja kwenye seli ya kufyonza hauingizi sukari bila chumvi kuandamana nayo, na maji yanafuata. Mlango huo unabaki unafanya kazi hata kwenye kipindupindu. Hali ikiendelea mpeleke kliniki wampime uzito.

Bint Likoni #14
Shukrani sana. Nampa mgando kwanza.

Kisu cha Vingunguti #15
Mimi nina swali la macho. Nikichinja mwanambuzi, mwisho wa utumbo mwembamba karibu na pale unapoungana na mpana, kuna kipande kirefu kinene, ukikishika kama kimetiwa pamba ndani. Kwa mbuzi mzee sikioni, naona viraka tu huku na huku. Nilikuwa nafikiri mwanambuzi anaumwa.

Dkt wa Ng'ombe #16
Haumwi. Hayo ni mabaka ya Peyer, Mswisi aliyeyaandika mwaka 1677. Ni makundi ya chembe nyeupe za kinga ndani ya ukuta. Mbuzi na kondoo wachanga wana baka moja refu sana mwishoni mwa utumbo, linatengeneza askari wa mwili, na mnyama akikomaa linanywea. Binadamu naye ana mabaka, mengi yako mwisho wa utumbo mwembamba. Juu ya baka kuna seli za pekee, hazina brashi nzuri, kazi yake ni kunyofoa kilichomo utumboni na kukipitisha chini kwa askari wakikague. Ni kama ofisa wa forodha anayefungua mzigo.

Bakteria wa taifodi amejifunza kupitia mlango huohuo. Ndiyo maana taifodi ikichelewa kutibiwa hadi wiki ya tatu hivi, utumbo hutoboka pale pale penye mabaka.

Na hapa kuna maelezo ya tatu kwa mleta mada: huenda utumbo mwembamba hauna saratani nyingi kwa sababu askari wamejaa pale, seli ikipotoka inakamatwa mapema.

Mtu wa Takwimu #17
Nimesoma yote, na naona hesabu ya mleta mada ina tatizo mwanzoni. Idadi ya seli siyo kitu, cha kuhesabu ni mara ngapi SELI SHINA inagawanyika maishani. Seli iliyopo kwenye ncha ya kidole itamwagwa kesho kutwa, hata ikiwa na kosa inaondoka nalo. Inayobaki ni iliyoko shimoni. Tomasetti na Vogelstein wa Marekani waliandika mwaka 2015 kwamba viungo ambavyo seli shina zake hugawanyika mara nyingi zaidi ndivyo vyenye saratani nyingi, na kwa makadirio yao seli shina za utumbo mpana wa binadamu zinawapita wenzao wa utumbo mwembamba. Kwa panya mambo yamegeuka, na panya wenye kasoro ya kurithi inayoota vinundu huviota utumbo mwembamba, wakati binadamu mwenye kasoro kama hiyo huviota utumbo mpana. Mimi hoja ya panya imenishika kuliko zote.

Muuguzi wa Zamu #18
Lakini kazi hiyo ilipingwa sana, mkuu. Kufuatana kwa vitu viwili kwenye grafu hakuonyeshi kipi kimeleta kipi. Na kama ni kugawanyika tu, mbona watu wakihamia nchi nyingine na kubadilisha chakula, saratani ya utumbo mpana inapanda kwa kizazi kimoja au viwili? Kasi ya seli shina haijabadilika kwa kuhama tu.

Denis Burkitt, yule daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda miaka ya 1940 hadi 1960, aliona kwamba saratani hii ilikuwa adimu kwa wagonjwa wa Afrika aliowahudumia, na mwaka 1971 aliandika kwamba sababu ni makapi ya chakula, yaani nyuzinyuzi zilizomo kwenye ugali wa dona, maharage, mboga. Makapi yakifika utumbo mpana bakteria wanayachachua na kutoa butireti, na butireti ndiyo chakula kikuu cha seli za pale.

Mtu wa Takwimu #19
Burkitt alikuwa na macho makali lakini wakati wake wangapi walikuwa wanafika hospitali kupimwa? Wangapi walifika miaka 60?

Muuguzi wa Zamu #20
Hoja nzuri, lakini mwaka 2015 kuna jaribio la kubadilishana chakula. Wamarekani weusi 20 wakala chakula cha kijijini Afrika Kusini chenye makapi mengi, na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini wakala cha Kimarekani chenye mafuta na nyama. Wiki 2 tu. Vipande vya utumbo vilipopimwa, kasi ya seli kugawanyika ilishuka kwa Wamarekani na ikapanda kwa wanakijiji. Wiki mbili haithibitishi saratani, ila inaonyesha kwamba hiyo hesabu yako ya kugawanyika inatii sahani.

Mtu wa Takwimu #21
Basi tumekutana njiani. Nakupa hiyo.

Slaidi ya Ziwa #22
Kuna wazo la zamani hamjaligusa. John Cairns mwaka 1975 alijiuliza swali la mleta mada hasa. Akasema pengine seli shina ikigawanyika inabaki na uzi wa zamani wa DNA na kumpa mtoto uzi mpya wenye makosa, mtoto ambaye atamwagika hata hivyo. Wazo tamu, watu wamebishana juu yake hadi leo. Kingine, walioumiza utumbo wa panya kwa mionzi waliona seli za shimoni za utumbo mwembamba zinajiua haraka zikiharibika, za utumbo mpana zinavumilia zaidi.

Jirani wa Ukerewe #23
Huku kwetu kichocho cha tumbo kipo tangu tuzaliwe. Nasikia kichocho kinaleta saratani. Si ndiyo sababu?

Slaidi ya Ziwa #24
Jirani, tenganisha viwili. Kichocho cha kibofu ndicho kilichothibitishwa kuleta saratani ya kibofu. Cha tumbo, kinachosumbua zaidi pande za ziwa, hakijathibitishwa hivyo kwa utumbo mpana. Lakini nakikuta kwenye slaidi mara kwa mara: yai refu kama mikroni 140, lina mwiba ubavuni kama mwiba wa waridi, limenaswa ukutani chini ya vishimo na chembe za kinga zimelizunguka duara baada ya duara. Linaleta damu kwenye choo, na hapo ndipo hatari: mtu anaona damu, anasema "ni kichocho tu", anameza dawa, na kinundu kinaendelea kukua. Naomba mnielewe hapo.

Supu ya Asubuhi #25
Wakuu, nimekaa kimya kwa sababu majibu yalitoka na siyo majibu. Kituo kimoja kilichopeleka kipande cha kwanza kilikitia kwenye chupa ya maji ya chumvi, kikalala hadi kesho yake. Karatasi imeandikwa "kimeoza, hakisomeki". Baba mdogo amelia. Kwa bahati kinundu kilitolewa vipande viwili na cha pili kilikwenda kwenye fomalini.

Slaidi ya Ziwa #26
Inaniuma sana hii, kwa sababu inazuilika. Utumbo ni miongoni mwa viungo vya kwanza kuoza mwilini, una vimeng'enya vyake na bakteria wake. Dakika chache bila damu seli za juu zinaanza kubanduka. Kipande kinatakiwa kiingie kwenye fomalini ya asilimia 10 hapohapo mezani, na fomalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa kipande. Yeyote mwenye mgonjwa, ulizeni kabla hajapelekwa ndani: chupa iko wapi, ina nini. Hakuna daktari mzuri atakayekasirika.

Kisu cha Vingunguti #27
Hata sisi tunajua utumbo haungoji. Pole mdogo wangu. Mwambie baba mdogo tunamwombea.

Supu ya Asubuhi #28
Nimerudi. Cha pili kimesomeka. Daktari wa maabara alinihurumia, akaniita nikae kwenye kiti chake nitazame mwenyewe. Upande wa kushoto wa slaidi ulikuwa ukuta mzima: vishimo vimejipanga kama mirija ya majaribio kwenye kibao, bilauri nyeupe zimejaa, kama alivyosema #5. Akasogeza slaidi pole pole kulia na ghafla pakawa giza. Vishimo vimebanana, viini vimerefuka kama penseli, vyeusi, vimepandana, na bilauri zimepungua hadi nikaanza kuzihesabu. Mpaka wenyewe ulikuwa mkali, seli nzuri na seli mbaya zimekaa bega kwa bega ndani ya shimo moja.

Nikamuuliza, hii ni saratani? Akasema bado. Ni kinundu kilichokuwa njiani, hakijavunja kwenda chini, na kimetolewa chote. Arudi kupigwa kamera kwa tarehe watakayompa. Mimi na ndugu zangu tusisubiri damu, twende tukapimwe mapema kwa sababu ya undugu.

Nikamuuliza na swali la uzi huu. Akacheka, akasema yeye anaegemea bakteria na nyongo, mwenzake wa chumba cha pili anaegemea seli shina, na wanabishana hivyo kila chai ya saa nne.

Muuguzi wa Zamu #29
Alhamdulillah. Siku nzima umenifurahisha.

Mwalimu wa Baiolojia #30
Mungu mkubwa. Naomba ruhusa nisome hiyo aya ya kushoto na kulia darasani.

Supu ya Asubuhi #31
Ruhusa umepata mwalimu, jina la mgonjwa tu lisitajwe.

Kisu cha Vingunguti #32
Sasa Dkt wa Ng'ombe, hili ni lako. Miaka 19 nimepasua mirija ya ng'ombe na mbuzi, minyoo nimeona, majipu nimeona, misumari nimetoa. Kinundu cha namna hiyo kwenye utumbo mpana wa ng'ombe sikumbuki. Na ng'ombe anakula makapi matupu. Ni makapi, au ni kwa sababu tunamchinja bado kijana?

Dkt wa Ng'ombe #33
Swali zito hilo. Nipe hadi jioni, niko shambani mkono umo ndani ya ng'ombe.